Gari la pompiye likifika, litapita wapi?



Kiangazi kimefika, na sote tunajua kinachokuja nacho. Mbao zimekauka, upepo unatoka ziwani, mbabula inaachwa na makala yenye moto karibu na ukuta, buji inaanguka juu ya kitanda. Nyumba moja inawaka, kisha kumi. Na kesho yake, katika kila mkutano wa kikundi, neno la kwanza ni moja: "Pompiye walikuwa wapi?"

Swali hilo ni la haki. Mji wenye watu wengi namna hii, waliojenga mbao kwa mbao juu ya vilima, unahitaji magari ya kuzima moto, na si moja wala mawili. Wakati MONUSCO ilipokuwa hapa, magari yake yalikuja kusaidia mara kadhaa. Iliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024 na msaada huo ukaondoka nao. Kwa hiyo tutaendelea kudai. Lakini juma hili tumetaka kuliangalia gari lenyewe: linabeba nini, linafanya kazi namna gani, na kwa nini mara nyingine linafika na nyumba zinaendelea kuteketea. Mama anayejua hayo hatajibiwa ovyo akienda kuuliza kwenye ofisi ya meri.

Tuanze na tangi. Gari la kawaida la mjini hubeba litre 3,000 mpaka 5,000 za maji. Tuchukue 4,000. Hizo ni bidoni 200 za litre 20, na sisi tunaopanda kilima na bidoni mgongoni tunajua 200 ni kitu gani. Inaonekana maji mengi. Lakini mpira mdogo wa pompiye, wenye upana wa milimetre 45, unatoa kama litre 250 kwa dakika moja, na ule mkubwa wa milimetre 70 unatoa kama 500. Ukifungua mpira mmoja mkubwa, tangi linaisha kwa dakika 8. Ukifungua miwili, dakika 4. Baada ya hapo gari halina kitu, linashuka kutafuta maji, na nyuma yake watu wanapiga kelele kwamba pompiye wamekuja na gari tupu. Mara nyingine limekuja bila maji ya kutosha kweli, na hilo lazima liulizwe. Ila hata gari lililojaa mpaka juu ni la dakika chache tu.

Ndiyo sababu wazima-moto wa miji mingine hawategemei tangi. Wanategemea bomba maalum lililo kandokando ya barabara, ambalo gari linafungwa hapo na kupokea maji bila kukatika. Kanuni ya Wafaransa, mpaka mwaka 2015, ilikuwa bomba la kutoa litre 1,000 kwa dakika kwa muda wa saa mbili. Zunguka mtaa wako uhesabu ni mangapi unayoyaona, na kati ya hayo ni mangapi yana maji. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ni ya maana kuliko hesabu ya magari. Gari jipya lenye rangi nyekundu linapigwa picha siku ya kupokelewa. Bomba la chini ya ardhi halipigwi picha na mtu, kwa hiyo hakuna anayeliahidi wakati wa uchaguzi.

Mtasema: mbona ziwa lipo, tunaliona kutoka mlangoni? Hapo kuna jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Pampu haiwezi kuvuta maji kutoka chini sana. Hata iwe na mashine ya nguvu namna gani, ikiwa maji yako zaidi ya metre 7 hivi chini yake, hayapandi. Lazima gari lishuke mpaka karibu na ukingo wa maji. Kusukuma kwenda juu kunawezekana, lakini kuna bei yake: kila metre 10 za kupanda zinakula bari moja ya msukumo. Pampu nyingi za magari haya hutoa bari 10 mpaka 15, na mpira wenyewe unahitaji bari kadhaa zibaki ili maji yaruke mbele badala ya kudondoka miguuni. Fikiri sasa kutoka ziwani mpaka Kadutu juu. Gari moja peke yake haliwezi. Inatakiwa gari la kwanza chini limsukumie la pili katikati, na la pili limsukumie la tatu. Anayedai gari moja kwa mji wa vilima amedai sehemu tu ya kazi.

Kisha njia. Gari la zima-moto lina upana wa metre 2 na nusu, na likijaa lina uzito wa zaidi ya tani 10. Maji peke yake ni tani 4. Linataka njia ya metre 3 iliyo wazi. Vijia vyetu vingi, watu wawili wenye mizigo hupishana mmoja akisimama. Basi gari linabaki kwenye barabara kubwa, na mipira ndiyo inayotembea. Kila mpira una metre 20 hivi. Mipira kumi iliyounganishwa ni metre 200, na kila kona, kila ngazi, kila jiwe linaweza kuukunja na kuzuia maji. Watu wakiukanyaga au pikipiki ikipita juu yake, huko mbele moto unapumua. Juu ya barabara nako kuna meza za biashara. Meza hizo ni za wamama wa vikundi vyetu, zinalisha watoto na kulipa masomo, na hatutamwambia mtu azitoe. Tunaomba tu meza ya kandokando ya barabara iwe ya kubebeka na watu wawili, isijengewe simiti wala kupigiliwa misumari chini.

Wengine wanauliza kuhusu magari mazuri ya kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu: kwa nini hayaji mjini? Magari ya uwanja wa ndege yana kazi moja. Sheria za kimataifa zinataka yafike mahali popote pa njia ya ndege ndani ya dakika 3, na ndege kubwa hairuhusiwi kutua pasipokuwa na magari ya kutosha kwa ukubwa wake. Yakiondoka, uwanja unapungukiwa. Na Kavumu ni mbali, karibu kilometre 30. Nyumba ya mbao haingoji mwendo huo. Tusiyahesabu kama magari yetu.

Kuna moto mwingine ambao maji hayauzimi. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la esansi lilipinduka. Watu wakakaribia, wengine na vyombo vya kuchota, na wengine walikuwa ndani ya nyumba za video wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto uliposhika, zaidi ya watu 230 walikufa. Esansi ni nyepesi kuliko maji: ukiimwagia maji, inaelea juu yake na kutembea nayo ikiwaka, mpaka kwenye mlango wa jirani. Dawa yake ni povu, ambalo hulala juu ya esansi kama blanketi na kuinyima hewa. Gari likija bila povu, mbele ya lori la mafuta halina kazi kubwa. Na tusiangalie malori peke yake. Mauzo ya Kadafi, yale ya bidoni na chupa kandokando ya njia, yako katikati ya nyumba zetu, mara nyingi hatua chache kutoka kwa mama anayekaanga ndizi. Hilo tumelibishana katika kamati bila kumaliza, maana wauzaji wengine ni watoto wetu. Mchanga ndani ya ndoo karibu na bidoni, na mbabula isogee upande mwingine wa njia: hayo mawili angalau tumekubaliana.

Vyombo vidogo vinastahili kuzungumzwa pia. Kuna motopompi ya kubebwa na watu wawili au wanne, ambayo inaingia mahali gari haliingii na inaweza kuchota mtoni au kwenye tangi la shule. Kuna kizima-moto cha unga: kile cha kilo 6 kinaisha kwa sekunde 15 au 20, kwa hiyo ni cha moto unaoanza, si cha paa linalowaka. Na kuna kulabu ndefu na shoka za kung'oa bati na mbao.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ambayo vijana wa mitaa yetu wanaifanya kabla gari halijafika. Wanabomoa nyumba ambayo bado haijawaka, ili moto ukose pa kuruka. Wanafanya vizuri, hata pompiye wangefanya hivyo. Lakini mama aliyebomolewa ili wengine kumi wapone anabaki nje, na orodha ya msaada ikiandikwa, anaambiwa nyumba yake haikuungua. Matokeo yake, moto unaofuata, mwenye nyumba anasimama mlangoni na panga kuwazuia vijana, na dakika zinapita. Tunapendekeza kila muso iandike katika kanuni zake tangu sasa: nyumba iliyobomolewa kwa ajili ya kuzuia moto inahesabiwa sawa na iliyoungua, na mwenyewe anapokea sawasawa. Iandikwe na isomwe mbele ya shefu wa avenyu.

Jambo la kufuli nalo. Mama anayekwenda sokoni saa kumi na moja asubuhi anawafungia watoto ndani kwa kuogopa wezi, tunamwelewa. Ufunguo wa pili ukae kwa jirani mwenye kubaki, na mtoto mkubwa ajue ni nani. Shoka la pompiye linavunja kufuli, lakini linakuja na gari, na moshi unaua mapema kuliko moto.

Kwenye ofisi ya meri tutauliza hivi: magari ni mangapi yanayotembea leo, si yaliyoandikwa, nani anayalipia mazutu, yana mipira ya metre ngapi na povu kiasi gani, mabomba ya barabarani yenye maji yako wapi, na namba gani ya simu inayopokelewa usiku. Kila kikundi kije kwenye mkutano ujao kimepima njia yake kwa kamba ya metre 3, kutoka barabara kubwa mpaka nyumba ya mwisho, na kimeandika inakwamia wapi.