Lubumbashi: Chini ya bâche porini, chandarua kimoja na nyumba mbili

Mvua za kwanza zinapoanza kupiga Lubumbashi, kati ya Oktoba na Novemba, wengi wanaoishi kwa kazi ya pori wanarudia swali lile lile: chandarua kibaki nyumbani na watoto, ao kiende na baba?

Swali hilo si dogo. Vyandarua vinavyogawanywa katika kampeni vinahesabiwa kwa watu wa nyumba, kwa kawaida kimoja kwa watu wawili. Hakuna anayehesabu kitanda cha pili, kile cha majani na gunia kuukuu kilicho chini ya bâche, kilometa nyingi nje ya mji.

Wanaolala hivyo ni wengi kuliko inavyoonekana. Wako wachoma makala kwenye barabara za Kasenga na Likasi, ambao hawawezi kuacha tanuru usiku: udongo ukipasuka na hewa ikiingia, kuni zote zinageuka majivu na kazi ya wiki nzima inapotea. Wako creuseurs kando ya mashimo ya madini. Wako mafundi wa matofali wanaochimba vichuguu vikubwa vya mchwa, na madereva wa malori wanaokesha kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kiangazi kinawadanganya. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu metre 1.200, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali inayopunguza mbu. Novemba mambo yanageuka. Shimo la matofali, njia ya magurudumu ya lori, hata mkunjo wa bâche yenyewe unaoshika maji, vyote vinakuwa mahali pa mbu kuzaliana. Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua siku kumi hivi tu.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba Kongo peke yake inabeba takriban asilimia 12 ya wagonjwa wote wa malaria duniani, nyuma ya Nigeria tu. Dalili zinaonekana kwa kawaida siku 10 mpaka 15 baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo mtu aliyeumwa usiku wake wa kwanza porini anaweza kuanguka akiwa tayari amerudi mjini, makala imeuzwa, na pesa ileile inaishia kwenye kituo cha afya. Na akilala nyumbani bila chandarua, mbu wa mtaani wanachukua vijidudu kwake na kuvipeleka kwa jirani.

Je, bâche inasaidia? Kwa mvua, ndiyo. Kwa mbu, karibu bure, maana pembeni ni wazi. Katika kambi za wakimbizi nchini Sierra Leone, watafiti walijaribu turubai zilizotiwa dawa ya kuua wadudu kiwandani. Pale zilipofunika kuta zote na dari, malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 61. Pale zilipowekwa juu tu, kinga ilishuka mpaka 15. Na hizo zilikuwa na dawa. Bâche ya sokoni haina.

Kinachobaki ni chandarua, na porini kinafungwa bila shida. Kamba moja inavutwa kati ya miti miwili chini ya bâche, pembe nne zinafungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa ardhini, na ncha za chini zinaingizwa chini ya mkeka pande zote. Kosa kubwa ni kukifunga kidogo mno, mtu akalala mkono umegusa wavu: mbu anauma kupitia tundu. Kikichafuka kwa moshi na vumbi, kinafuliwa kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu dawa yake.

Moshi nao una sifa kubwa kuliko nguvu zake. Unafukuza mbu kiasi, lakini moto unapungua usiku wa manane, wakati ambapo mbu wa malaria ndiyo anauma zaidi. Wengine, baridi ikizidi, wanashusha bâche mpaka chini na kuingiza mbabula yenye makala ya moto ndani. Hilo ni hatari kuliko mbu: hewa ya sumu ya makala haina harufu, na inaua mtu usingizini. Majani ya citronnelle yakisuguliwa mwilini yanasaidia kwa muda mfupi tu. Mafuta ya dukani yenye DEET yanadumu saa kadhaa, ila bei yake si ya mchoma makala.

Chini nako kuna wageni. Papasi wanaojificha kwenye vumbi la vibanda vya zamani wanaleta homa inayoisha na kurudi, ambayo wengi wanaidhania malaria. Yuko pia funza anayetoka ardhini usiku kunyonya damu ya aliyelala. Watafiti walimwandika hapa Kongo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Huyo hawezi kupanda: kitanda cha fito, hata cha urefu wa kiganja, kinamshinda.

Mji wenyewe ulijengwa kwa kuogopa mbu. Wakoloni wa Élisabethville waliacha eneo tupu la mamia ya metre kati ya mtaa wa Wazungu na cité ya Waafrika, wakidai mbu hawezi kuruka umbali huo. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alilionyesha eneo hilo kwa picha za kutoka angani mwaka 2013, pamoja na picha ya zamani inayokumbusha jinsi wafanyakazi walivyotakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ili wapewe posho ya chakula. Nafasi ilikuwa kinga ya Mzungu. Mwafrika alipewa hesabu ya nzi.

Leo hesabu ni ya vyandarua. Nyumba yenye mtu wa pori inaweza kueleza hali yake wakati wa kuandikishwa kwa kampeni, ao kununua cha pili kabla ya mvua. Kama kimebaki kimoja tu, waganga wanasema watoto chini ya miaka mitano na mama mwenye mimba ndio wa kwanza kulala ndani yake. Baba ataondoka na bâche, shati la mikono mirefu na soksi, na homa ikimshika akirudi, apimwe siku ileile.