‘Yeyote’ si ‘yoyote’, wala ‘wowote’ si ‘wote’

Tuseme katiba ya chama inaeleza hivi: ‘Wanachama wowote watatu wanaweza kuitisha mkutano.’ Mwandishi akiandika ‘wanachama wote watatu’, keshabadilisha sheria. Sasa chama kina wanachama watatu tu, na sharti wakubaliane wote! Mzizi –ote hujumlisha. –O–ote huchagua bila kubagua.

Kosa jingine ninalolisikia kila uchao ni ‘mtu yoyote’. Ukimkosoa msemaji, atakwambia: ‘Si tunaelewana, Prof?’ Naam, tunaelewana kwa sababu nomino ‘mtu’ ipo. Hapo –o–ote ni kivumishi tu. Nomino ikidondoshwa, neno hilo huwa kiwakilishi na kiambishi cha ngeli ndicho hubeba maana peke yake. ‘Yeyote asiguswe’ humlinda mtu; ‘chochote kisiguswe’ hulinda kitu.

Kwa hivyo tuseme: mtu yeyote, watu wowote, kitu chochote, jambo lolote, mambo yoyote, nyumba yoyote, nyumba zozote, mahali popote. Na tunapojijumuisha, ni ‘sisi sote’, si ‘sisi wote’. Tunapowahutubia wenzetu, ni ‘nyinyi nyote’.