Msaada wa mtoto mwenye usonji: Je, unafika nyumbani?

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Anayeujua ukweli wa maneno haya ni mzazi ambaye mwanawe ametimiza miaka minne lakini hajatamka neno, hageuki aitwapo kwa jina, na hulia saa nzima akibadilishiwa kikombe.

Mpenzi msomaji, wewe uishiye mjini huenda una jamaa kama huyo huko Meru au Embu. Ukienda likizoni, usiishie kuuliza mtoto anaendeleaje. Uliza pia: msaada unaolipiwa na kodi yetu umemfikia? Na umembadilishia nini?

Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mnamo 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nayo. Hakuna dawa ya kuiondoa, lakini mtoto akisaidiwa mapema hujifunza mengi, hasa mzazi wake anapoonyeshwa jinsi ya kumfunza wakati wa kula, kuoga na kuvaa. Ndiyo sababu huduma ya nyumbani ina uzito.

Serikali ina njia tatu za kumfikia. Kuna vituo vya elimu vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Kuna mpango wa Inua Jamii, unaotoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji mlezi wakati wote. Tena kuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa kote nchini mwaka wa 2023 ili kuzuru watu manyumbani.

Hebu sasa tuzipime. Kituo humtathmini mtoto na kumwelekeza shuleni, lakini tathmini pekee haimfunzi kushika kijiko. Fedha husaidia kununua unga na kulipa nauli, lakini mtoto akimbiaye na kurukaruka huonekana mzima machoni pa watu, na huenda asihesabiwe miongoni mwa wenye ulemavu mkali. Naye mhudumu ana vifaa vya kupima presha na sukari mkobani, ilhali usonji haupimwi kwa damu. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza na kumsikiliza mama yake.

Isitoshe, Katiba ya 2010 iligawa kazi. Afya ya mashinani na elimu ya chekechea ni za kaunti, na elimu maalum ni ya serikali kuu. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji zote. Kila upande ukidhani mwenzake amempokea, mtoto hubaki mlangoni.

Basi utajuaje kama huduma inafaa? Usihesabu semina wala majina yaliyosajiliwa. Nunua daftari. Mzazi aandike mambo matatu ambayo mtoto hawezi leo, kwa mfano kuomba maji kwa ishara, kwenda msalani, au kukaa na wenzake dakika tano. Kila mwisho wa mwezi ayaangalie tena. Aandike pia ni mara ngapi mhudumu alifika, nauli iliyotumika, na kama yeye mwenyewe hupata usingizi. Mlezi aliyechoka hawezi kulea.

Hata hivyo, tahadhari. Watoto hukua hata bila msaada, kwa hivyo daftari moja si ushahidi wa kutosha. Kaunti inapaswa kukusanya habari za watoto wengi, ilinganishe waliotembelewa na wale ambao bado wangoja zamu, na ieleze wananchi ilichopata. Bila hivyo, huduma nzuri yaweza kukatwa fedha, na mbovu ikaendelea miaka na miaka.

Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Wazazi wa Meru na Embu waende na madaftari hayo kwenye vikao vya bajeti. Nawe mwanafunzi uliye likizoni, keti na shangazi yako jioni moja, umsaidie kuandika ukurasa wa kwanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.