Jina la Nanaa Liandikwe kwa Penseli

Sokoni nanaa ni nanaa. Muuza mboga hufunga mafungu yake, akayapanga kando ya giligilani, na mnunuzi anayetaka ya chai au ya chatine hana haja ya kuuliza zaidi. Haja huja pale mtu anapoamua kuotesha, na zaidi anapoamua kukusanya: awe na vyungu sita vya mnanaa uani, kila kimoja na aina yake. Hapo karibu kila mtu huanza na jina, na hapo ndipo wengi hupotea. Ninachodai ni kwamba kwa mnanaa, jina ni jambo la mwisho kuaminiwa. La kwanza ni kipande chenyewe cha mmea, pamoja na habari ya kilikotoka.

Tuanze na alama ambayo haikosekani vitabuni. Chukua shina bichi la nanaa ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Haliendi kwa ulaini, linakwama-kwama, maana lina kona nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekingamana na ile iliyo chini yake. Ni alama nzuri, ila mrihani unayo, na kivumbasi kinayo, kwa sababu wote ni ukoo mmoja wa Lamiaceae. Kona nne zinakufikisha kwenye ukoo, kisha zinakuacha mlangoni. Ndani ya jenasi ya mnanaa, Mentha, kuna spishi zipatazo 20, nazo zinazaana zenyewe kwa zenyewe kwa wepesi mno, hata wataalamu wa mimea wamezitungia majina mamia kwa mamia ambayo mengi yalikuja kufutwa.

Tazama peremende. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria pipi, lakini pipi ilirithi jina la mmea. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika kama spishi inayojitegemea, Mentha piperita. Kumbe ni chotara wa mnanaa wa majini, Mentha aquatica, na mnanaa wa kawaida wa jikoni, Mentha spicata. Mzazi mmoja ana kromosomu 96, mwingine 48, na mtoto akatoka na 72 ambazo hazipangiki vizuri wakati wa kutengeneza mbegu. Ndiyo maana peremende ni tasa, au karibu na tasa. Peremende yoyote ya kweli ni kipande cha peremende nyingine, kilichokatwa kutoka kwa nyingine, hivyo hivyo kurudi nyuma. Basi pakiti ya mbegu yenye jina la peremende haiwezi kuwa na kinachotajwa juu yake; mara nyingi kitakachoota ni spicata au chotara usiyemjua. Na huyo spicata mwenyewe, ambaye hutoa mbegu, ana asili ya uchotara, kwa hiyo watoto wake hawalazimiki kufanana na mama.

Mpishi atapinga: kwa nini tuhangaike na kromosomu, na pua tunayo? Pua isidharauliwe. Geuza jani ulitazame kwa kioo cha kukuzia, utaona vitone vya rangi ya manjano vinavyong'aa. Ni vifuko vya mafuta, kila kimoja kikijazwa na seli nane zilizo chini yake. Ukiliponda jani, vifuko vinapasuka. Ukipata ubaridi mkali unaopanda puani, ni mentoli, mafuta ya peremende. Ukipata harufu tamu, laini, isiyo na baridi, ni kavoni, mafuta ya spicata. Tatizo ni kwamba tofauti hiyo kubwa puani ni ndogo mno ndani ya mmea. Mimea yote miwili huanza na malighafi moja, limonini, na njia zinaachana pale kimeng'enya kinapoigusa sehemu hii au ile. Watafiti walipobadilisha asidi amino moja tu katika kimeng'enya cha spicata, kikaanza kufanya kazi ya kile cha peremende. Harufu basi haitoshi kuthibitisha nasaba. Hata katika shina moja haitulii: jani changa la peremende lina mentoni nyingi, ambayo hugeuka kuwa mentoli, na mentoli huongezeka jani linapokomaa. Anayelinganisha jani la kileleni la mmea huu na jani la chini la mmea ule atadhani amepata aina mbili.

Mtaalamu naye atasema tungoje maua. Ni kweli kwamba maua hutenganisha vizuri: ya spicata yamepangana kwenye shuke jembamba, ya aquatica yamejikusanya kama kirungu. Lakini peremende huhitaji siku ndefu, zenye mwanga wa saa 14 na kuendelea, ili ichanue sawasawa. Nairobi, Mombasa au Mwanza siku haiachani sana na saa 12 mwaka mzima, na mmea hupendelea kutambaa kuliko kuchanua. Kwetu, ngojea hiyo yaweza kuwa ndefu. Bora kutazama kikonyo cha jani: peremende inacho, spicata karibu haina, jani limebandikwa shinani.

Kwa hiyo kata kipande cha sentimeta kumi chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini, kitie kwenye glasi ya maji. Kwa kawaida mizizi hutokeza ndani ya wiki moja au mbili. Kila kipande kipewe chungu chake. Kwenye tuta moja mashina yatapenyeza chini ya udongo na baada ya misimu michache hutajua kipi ni kipi.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mimea iliyotokana na vipande vya mmea mmoja hufa kwa ugonjwa mmoja. Mashamba ya peremende ya Marekani yalishambuliwa na ukungu wa udongoni uitwao Verticillium, na kwa kuwa mmea hauna mbegu za kuzalishia aina mpya, ilibidi mashina yake yapigwe mionzi hadi yakapatikana yanayohimili, kama aina iitwayo Todd's Mitcham. Jibu ni kukusanya kutoka sehemu nyingi. Fungu la Kariakoo na fungu la Lushoto, hata yakifanana kwa jani na harufu, yakae vyungu mbalimbali, maana huenda ni nasaba mbili.

Kwenye kibao cha chungu andika kwanza tarehe, soko au shamba, na rangi ya shina siku ulipolikata. Jina liandike mwisho, na kwa penseli: wino hupauka juani, na jina huenda ukalifuta.