Figo ya Kupandikizwa Hudumu Miaka Mingapi?

Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake waliitoa figo moja ya Ronald Herrick, kijana wa miaka 23, wakaipandikiza mwilini mwa pacha wake Richard, ambaye figo zake zilikuwa zimeharibika kabisa. Kwa kuwa ndugu hao walitokana na yai moja, mwili wa Richard haukuiona figo hiyo kuwa kitu kigeni. Alipona, akamwoa muuguzi aliyemtunza, wakapata watoto wawili. Lakini ugonjwa ule ule ulioziua figo zake za kwanza uliifuata na ile mpya, naye akafariki mwaka 1963. Ronald, aliyebaki na figo moja, aliishi hadi mwaka 2010.

Edith Helm alipewa figo na pacha wake mwaka 1956, akajifungua mtoto mwaka 1958, na hakufariki mpaka mwaka 2011.

Wagonjwa wengi hawana pacha. Kwao chembe nyeupe za damu huishambulia figo ngeni kama zinavyoshambulia vijidudu, na hapana budi zizuiwe kwa dawa. Saiklosporini, iliyopatikana katika ukungu wa udongoni na kuenea katika miaka ya 1980, ilileta mageuzi makubwa. Siku hizi, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya figo 90 katika kila 100 huwa zingali zikifanya kazi mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Ugumu uko katika miaka inayofuata. Figo iliyotolewa na mtu aliye hai hudumu kwa wastani wa miaka 15 hadi 20. Ile ya marehemu hudumu muda mfupi zaidi. Kinga ya mwili huendelea kuitafuna polepole, makovu yakachukua mahali pa nyama iliyo hai. Ajabu ni kwamba saiklosporini yenyewe, ikitumiwa kwa miaka mingi, huidhuru figo ile ile inayoilinda. Wala kudhoofika huko hakuna maumivu. Hugunduliwa kwa kupima damu na mkojo. Mgonjwa anayejiona mzima akaacha vidonge kwa majuma machache aweza kuipoteza figo kabla ya kuhisi lolote.

Uhai wa figo, hata hivyo, si uhai wa mgonjwa. Wengi hufa kwa maradhi ya moyo, ya kuambukiza au saratani, ilhali figo ingali ikifanya kazi. Wengine huipoteza wakaendelea kuishi kwa kusafishwa damu kwa mashine, au wakapandikizwa nyingine. Zile za awali kwa kawaida huachwa mahali pake, na mpya huwekwa karibu na kinena.

Nchini Tanzania upandikizaji wa kwanza ulifanywa Muhimbili mnamo Novemba 2017. Upasuaji ulikwisha kwa saa chache. Vidonge ni vya kila siku, maisha yote, na lazima vipatikane mwezi baada ya mwezi.