Kunguni wa Banda la Kuku

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba nyingi za askari kuku hufugwa uani, karibu na chumba cha kulala, na kunguni hunyonya damu ya kuku sawasawa na ya binadamu. Mama huchemsha mashuka, huanika magodoro juani na kumwagia kitanda maji ya moto. Baada ya majuma machache watoto huanza tena kujikuna usiku kucha. Kumbe wadudu wamebaki bandani.

Kunguni huishi kwa damu tu. Mtoto wake hujivua ngozi mara 5 kabla ya kuwa mzima, na kila mara sharti kwanza anywe damu. Akishiba hurejea katika nyufa, ambamo dawa ya kunyunyiza haifiki vema. Isitoshe, kunguni wengi wamekwisha kuwa sugu kwa dawa hizo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wamegeuza mbinu: badala ya kumsaka adui mafichoni, humtilia sumu katika damu anayoifuata. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walitangaza majaribio ya dawa 2 za mifugo, ivermektini na fluralaneri. Kunguni wengi walionyonya kuku waliopewa fluralaneri walikufa. Dawa hiyo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2017 kwa kuua utitiri mwekundu wa kuku. Hutiwa katika maji ya kunywa mara 2, siku 7 zikipita katikati.

Hata hivyo, dawa haiui mayai, wala haimgusi kunguni anayemnyonya mtu kitandani. Hivyo usafi haupumziki: nyufa zizibwe, matandiko yachemshwe, na banda lijengwe mbali na chumba cha kulala.

Tahadhari kubwa ni hii: dawa ya mnyama si dawa ya mtu. Asithubutu mzazi kumnywesha mtoto dawa ya mifugo, wala kupaka kitandani dawa ya shambani. Bwana mifugo ndiye wa kupima kipimo na kueleza siku za kungoja kabla ya kuchinja. Kwa fluralaneri, kanuni ya Ulaya ni siku 14. Aliye na subira ya siku hizo atakula nyama salama, na wanawe watalala.