Mbwa wa Tobia, na Mbwa Wetu Penye Maji

Katika Maandiko Matakatifu imo safari moja ambayo watoto wa mafundisho huipenda sana. Kijana Tobia alitoka nyumbani kwa baba yake kwenda nchi ya mbali, akiongozwa na Malaika Rafaeli asimtambue, na mbwa wake akafuatana nao. Walipofika mto Tigri, Tobia alishuka kunawa miguu. Mara samaki mkubwa akatokea majini kumshambulia. Malaika akampa shauri, na kijana akaokoka.

Tobia alikuwa na malaika wa kumwonya. Mbwa alikuwa na Tobia. Je, mbwa wetu wana nani?

Siku za kiangazi, wakati wa likizo kubwa, watoto wa Goma na Bukavu, wa Uvira na Kalemie, hushuka ziwani kuteka maji, kufua na kuogelea, na mbwa nyuma yao. Ni jambo la furaha. Lakini mbwa hajui hatari zote za maji. Yeye humtazama bwana wake tu. Akimwona ameingia, naye huingia. Basi anayepaswa kuona mbele ni mtu, si mnyama.

Tuanze na ziwa Tanganyika, na mito kama Rusizi na Lualaba. Huko adui mkubwa ni mamba. Mamba hana haraka. Hulala kimya, macho na pua tu juu ya maji, akichungua desturi za wanaokuja. Mbwa anayeletwa mahali pale pale, saa ile ile, kila siku, ni kama chakula kilichokwisha kuandaliwa. Kwa hiyo usimpeleke majini jioni wala usiku. Usimtupie fimbo ndani ya maji ili aifuate. Teka maji kwa ndoo mahali palipo salama, umwogeshe mbali na ukingo. Wavuvi wakisema wamemwona mamba, waamini.

Tena katika kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika na kuinua mawimbi makubwa. Mbwa ajuaye kuogelea huchoka upesi akipigwa na mawimbi. Angalia pia ndoana zilizoachwa mchangani zikiwa na chambo: mbwa hunusa samaki, humeza. Ikiwa amemeza ndoana, usivute uzi, maana utampasua koo. Mpeleke kwa mganga wa wanyama.

Sasa twende ziwa Kivu. Huko hakuna mamba, lakini yuko adui asiyeonekana kwa macho. Wenyeji humwita mazuku. Ni hewa mbaya itokayo ardhini kwa sababu ya volkano, hasa kwenye pwani ya kaskazini, kutoka Goma kuelekea Sake. Ni gesi ile ile tunayoitoa puani tunapopumua, lakini huko imekusanyika nyingi mno. Uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida. Kwa hiyo hushuka na kulala katika mabonde madogo na mashimo, kama maji katika beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, huongezeka. Mchana jua na upepo huitawanya kidogo, wala haiishi.

Ili tufahamu vizuri kazi yake, tutazame nchi ya Italia, ambako gesi hiyo hutoka vilevile. Karibu na mji wa Napoli kuna pango liitwalo Grotta del Cane, maana yake Pango la Mbwa. Zamani viongozi wa wageni walimwingiza mbwa humo. Mtu aliyesimama hakupata neno, kwa kuwa gesi ilikuwa chini, karibu na miguu yake. Lakini mbwa, ambaye pua yake i karibu na ardhi, alianguka kama mfu. Kisha walimtupa katika ziwa Agnano lililokuwa jirani, apate kuzinduka. Wageni walilipa fedha kutazama hayo. Mchezo wa aibu kweli! Hata hivyo unatufundisha jambo: penye mazuku, aliye mfupi ndiye huanguka kwanza. Mbwa kwanza, kisha mtoto.

Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu darasani: «Mbwa wako akishuka shimoni akaanguka, utafanya nini?» Wote walijibu kwa sauti moja: «Nitamfuata, mwalimu!» Ni jibu la moyo mwema, nami sikuwacheka. Lakini niliinama mbele yao, kama mtu anayembeba mbwa, nikawauliza: «Sasa pua yangu iko wapi?» Wakanyamaza. Walikuwa wamefahamu.

Enyi watoto, lishikeni neno hili: usishuke. Mwite mbwa ukiwa juu, kimbia ukawaite watu wazima, nao pia wasishuke ovyo. Kumpoteza mbwa ni huzuni. Lakini mama anayemlilia mwanawe, nani atamfariji? Afadhali kuzuia mapema: karibu na mashimo hayo, mfunge mbwa kamba, umshike.

Liko bado jua. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Mawe meusi ya volkano yakipata moto humchoma nyayo. Weka mgongo wa mkono wako juu ya jiwe. Usipoweza kuvumilia, naye hawezi. Akihema mno, akitoa ute mzito na kupepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni na miguuni, umpe anywe kidogo kidogo. Wala asinywe maji yaliyotuama yenye utando wa kijani, kwa maana huenda yana sumu ya kuua. Akiwa ameingia humo, mwoshe mara moja kwa maji safi kabla hajajilamba.

Wako watu wasemao: «Mbwa ni mbwa tu.» Sivyo wafundishavyo Maandiko, yanayomsifu mwenye haki kwa kuwa hutunza hata uhai wa mnyama wake. Mungu alitukabidhi viumbe tuvitawale kama wasimamizi, si kama wakatili. Tena mtoto anayejifunza kumchunga mbwa wake leo, kesho atajua kumchunga mdogo wake.

Katika Biblia ya Kilatini, mwisho wa safari ya Tobia, yule mbwa anatangulia mbio kufika nyumbani, akitikisa mkia kwa furaha. Wazazi, jioni watoto wenu wakipanda kutoka ziwani, na iwe hivyo kwenu pia: mbwa mbele, mtoto nyuma, wote wawili wazima.